Kaseti ya Liboi na Betri Zilizochoka

Leo nimefedheheshwa na kaseti. Ndiyo, kaseti. Ile ya plastiki yenye matundu mawili, tuliyokuwa tukiirudisha nyuma kwa kalamu ya biki. Mliozaliwa juzi waulizeni wazazi wenu. Mliosoma nami Garissa kaeni chini kabisa, kwa sababu mnanijua na mtacheka kuliko wengine.

Kosa lenyewe nililifanya katikati ya miaka ya tisini. Fedheha yake imefika leo saa kumi alasiri, sebuleni kwangu, mbele ya mke wangu na binti yangu. Acheni nianze mwanzo.

Mnakikumbuka kibanda changu pale sokoni. Futi sita kwa nne, mabati juu, joto la kuivisha mkate bila moto. Ndani mlikuwa na redio ya deki mbili, spika mbili nilizozifunika kwa kipande cha shuka ya mama (hajui mpaka leo), na mimi Dahir, kijana mwembamba wa miaka ishirini na mitatu mwenye maringo ya watu kumi. Kazi yangu ilikuwa kurekodi na kunakili kaseti. Nyimbo, mawaidha, mashairi. Na zaidi ya yote, barua.

Barua za kaseti! Nani anazikumbuka? Watu wetu hawakupenda kuandika, walipenda kusema. Mtu mwenye ndugu Mandera, au Ifo kambini, au ng'ambo, alikuja akakaa kwenye kigoda changu, nikabonyeza kitufe, akasema mpaka upande mmoja ukaisha. Salamu peke yake zilikula dakika ishirini. Aliuliza habari ya kila mtu na kila mnyama, na baada ya kila swali alinyamaza kidogo, ili msikilizaji kule aliko apate nafasi ya kuitikia. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu. Huwezi kumuuliza mtu hali ya mama yake halafu ukapita mbio kama hukujali jibu. Naukumbuka ule ukimya mfupi, mzee mzima kakodoa macho kwenye redio akingoja jibu la mtu aliye mbali. Naukosa sana.

Kwa ubora wa sauti hakuna aliyenifikia. (Najisifu, lakini ulizeni.) Redio ile ilikuwa na kitufe cha kunakili kwa kasi. Wenzangu sokoni walikipenda kwa sababu kaseti iliisha upesi na mteja akaenda zake. Mimi kitufe hicho nilikibandika plasta ya kidonda. Ukinakili kwa kasi, ile sauti ya juu inapotea, na tari linasikika kama mtu anayepiga godoro. Nakala ya nakala sikuigusa. Kichwa cha redio nilikisafisha kwa spiriti kila asubuhi. Mteja akija na kaseti nyembamba zile ndefu za dakika mia na ishirini, nilimpa mawaidha kabla sijampa huduma. Watu walinivumilia tu, sasa naelewa.

Basi shangazi yangu aliyeolewa Liboi akaniletea habari. Pale mpakani kuna msichana, anaitwa Kaltuma, anauza nguo dukani kwa bibi yake. Ana adabu, ana akili, na bibi yake, ambaye mji mzima ulimwita Ayeeyo, anatafuta mtu wa maana. "Watumie salamu kwa kaseti," akasema shangazi. "Wakusikie kwanza."

Wanisikie! Alikuwa amemwambia mtu wa kazi hiyo!

Nilirekodi baada ya alfajiri, soko likiwa bado limelala. Kaseti mpya, kichwa cha redio kinang'aa, maikrofoni nimeifunga kitambaa isishike upepo. Nikatoa salamu zote. Nikajitaja jina na jina la baba. Nikauliza mbuzi, nikanyamaza. Nikauliza mvua, nikanyamaza. Nikawakaribisha: "Nyumba yetu ni yenu, njooni, hata Ijumaa hii." Halafu nikamsalimia Ayeeyo na kumwombea dua. Nilipoisikiliza, kila neno lilisimama peke yake. Nikampa dereva wa lori la mizigo, nikabaki nikijipongeza.

Jambo moja sikulitaja. Wasionijua wajue kwamba sauti yangu ni nyembamba, na naongea kama mtu aliyeacha maziwa motoni. Ndivyo nilivyoumbwa.

Baada ya wiki tatu majibu yakaja. Dereva alinipa kaseti mbili na macho ya heshima ambayo hakuwahi kunipa kabla. Ya kwanza ilikuwa ya shangazi. "Dahir, umetutoa aibu! Majirani wanakuja kila alasiri kukusikiliza. Ayeeyo anasema hiyo ni sauti ya kusimamisha ugomvi kisimani!"

Mimi? Kisimani? Nikafikiri kidogo, nikapata sababu. Ni ile spiriti. Usafi wa kichwa cha redio. (Hebu oneni mtu huyu.)

Ya pili ilikuwa ya Kaltuma mwenyewe. Nikaiweka kwenye redio. Jamani! Alikuwa akiongea kama chiriku! Sauti ya juu, nyembamba, maneno yanakimbizana, salamu za mji mzima kazimaliza kabla sijakaa vizuri. Nikacheka peke yangu kibandani. Nikasema alhamdulillahi, kumbe Mungu kaniumbia mwenye haraka kunizidi. Nikampenda hapo hapo. Niliisikiliza kaseti ile mpaka nikawa naitikia kwenye zile nafasi: mzima, alhamdulillahi, wazima wote.

Mimi, fundi wa sauti wa Garissa, sikujiuliza swali hata moja.

Tukaenda Liboi kuposa, mimi na ami yangu, Adeer Bishar (adeer kwetu ni ami, na kila mzee huitwa hivyo kwa heshima), juu ya lori, katikati ya magunia ya sukari. Kwenye kizuizi askari akatuteremsha. Vipande vya utambulisho vikatoka, kama kawaida yetu. Akamuuliza Adeer tunakokwenda.

"Afande, sisi nakwenda kubosa msichana," Adeer akajibu kwa Kiswahili chake.

"Nani anaposa?"

"Mimi, afande," nikasema.

Akanitazama. Akanirudishia kipande changu taratibu, akasema, "Mungu akusaidie." Hiyo ilikuwa dalili, nikaipuuza.

Nyumba ya Ayeeyo ilijaa mpaka nje. Majirani wote wa zile alasiri walikuwepo, wameoga, wamevaa. Wanawake wako nyuma ya pazia. Katikati ya mkeka, mahali pa heshima, palikuwa na redio ya Ayeeyo. Adeer akasema ya wazee, akamaliza vizuri. Nikadhani tumevuka. Ayeeyo akainua mkono. (Walisema Kisomali, nawatafsiria.)

"Wazee tumewasikia. Sasa aseme mwenyewe. Hawa watu wametoka mbali kuja kumsikia."

Nikasafisha koo. "Assalaamu alaykum."

Watu wakatazama mlangoni, nyuma yangu. Nasikia mbuzi nje.

"Waalaykum salaam," Ayeeyo akasema. "Na mwenye sauti yuko wapi?"

"Ni mimi, Ayeeyo."

"Wewe ni mdogo wake? Amekutuma?"

"Hapana, Ayeeyo. Mimi ndiye Dahir."

Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja akasema huyu ni wa bandia. Adeer Bishar, kwa hasira, akachomoa kipande changu akakiweka mkekani: jina hili hapa, picha hii hapa, askari wamekikagua njia nzima! Ayeeyo hata hakukigusa.

"Kipande hakina sauti," akasema. Akanyoosha mkono, akabonyeza redio.

Ikatoka sauti. Wallahi sikuijua. Nzito, ya polepole, ya mtu mwenye ngamia mia tatu na tumbo lake. *Aaassalaaamu... alaaaykum...* Halafu ukimya mrefu wa kifalme. Nyumba nzima ikaitikia kwa pamoja, kama walivyozoea: waalaykum salaam warahmatullah. Kisha sauti ikasema jina langu na jina la baba yangu. Nikasisimka. Hata mimi ningemwoza mtu huyo binti.

Hapo ndipo nilipoangalia dirishani. Pembeni ya dirisha kulikuwa na betri mbili kubwa zimeanikwa juani kama nyama ya kukausha. Nikaelewa yote kwa mpigo. Ayeeyo alisikiliza habari za redioni kila siku bila kukosa, betri zikichoka zikaanikwa mbili mbili kwa zamu, zikirudishwa zinabaki na nguvu ya kusukuma habari tu. Baada ya habari ndipo kaseti yangu ilipowekwa. Mota haina nguvu, kaseti inatambaa, na mimi nanenepa sauti. Nilihangaika na upande wa kurekodi, nikasahau kabisa kwamba kuna upande wa kusikiliza.

"Ayeeyo, ni betri!" nikapiga kelele (ambayo haikusaidia, kelele yangu ni nyembamba zaidi). "Nunueni betri mpya!"

Zikaletwa sita kutoka dukani. Nikaziweka mwenyewe. Nikaanza kaseti upya. Ikatoka sauti yangu halisi, safi, kila neno limesimama peke yake, kazi ya mikono yangu. Kama chiriku mwingine.

Sijawahi kuona watu wakisikitika vile. Mzee mmoja akasema innaa lillaahi. Mama mmoja nyuma ya pazia akafuta machozi, naapa. Walikuwa wamempoteza mtu waliyemzoea kila alasiri.

Ayeeyo akafikiri. Kisha akasema, bila kucheka hata kidogo: "Rudisheni betri za zamani. Tunamwoza yule."

Adeer Bishar akaanza kutafuta viatu vyake. Mimi nikaona maisha yangu yanafungwa kama duka. Na hapo, nyuma ya pazia, ikasikika sauti nzito, tulivu, ya mtu asiye na haraka na lolote.

"Ayeeyo. Yule wa kaseti alituchukulia alasiri nzima kuuliza habari ya mbuzi. Huyu amemaliza kabla chai haijapoa. Nipe huyu."

Nikaruka. "Huyo anayesema ni nani?"

"Kaltuma," sauti ikasema. "Ulitaka nani?"

Chiriku wangu! Kumbe naye alirekodi kwa betri zile zile, mota ikijikokota, na kwenye umeme wangu wa Garissa akatoka mbio. Nikasema kwa sauti mbele ya watu wote: "Lakini wewe ulikuwa mwembamba!" Nyumba nzima ikaangua kicheko. Ayeeyo mwenyewe akacheka mpaka akashika mbavu, na mtu aliyecheka hivyo hawezi tena kukunyima kitu. Tukaoana.

Ayeeyo sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Redio yake tuliirithi sisi, kaseti yangu ikiwa bado ndani. Kibanda nilikifunga kaseti zilipokufa, na sauti ya Kaltuma naisikia kila siku, nzito vile vile, hasa nikichelewa kurudi.

Sasa leo.

Binti yetu Ifrah, mtoto wa chuo, anasomea kompyuta, amepata mtu. Anaitwa Mahad, ni mwalimu Bute, huko Wajir Kaskazini. Kijana ana adabu. Wiki mbili zilizopita alinitumia salamu za sauti kwenye simu. Nikazifungua mbele ya familia. Ikatoka sauti ya mbu aliyefungiwa ndani ya debe.

Nikasema: "Huyu hapana. Mimi mtu namjua kwa sauti."

(Nyamazeni. Najua.)

Ifrah akajitahidi. "Aabo, si yeye, ni mtandao. Sauti kwenye simu inapimwa kwa biti kila sekunde. Zikiwa nyingi, unamsikia mtu mpaka anavyovuta pumzi. Mtandao wa Bute ukiwa dhaifu simu inabana, inatupa uzito wote wa sauti ili ujumbe upite. Yanayobaki ni mifupa tu."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Ni kile kitufe changu cha kasi, kile cha plasta! Upesi kwa gharama ya sauti. Lakini baba akishasema hapana mbele ya watu, kurudi nyuma ni kazi. Nikasema, "Apande kilima atafute mtandao." Tangu siku hiyo Ifrah ananiwekea chai bila neno, anaondoka. Hilo liliniuma, nakiri. Lakini ubishi ulikuwa umenikaa shingoni. Kaltuma naye aliniangalia tu kwa siku kumi na nne. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Leo alasiri nimekaa mkekani. Ifrah akaja, akaweka simu yake karibu nami, akakaa. Nikafikiri amenisamehe. Kaltuma akatoka chumbani na redio ya Ayeeyo. Betri sita ndani yake, mbili najua ni za tochi yetu iliyokufa, nne sijui alizitoa wapi. Akabonyeza.

*Aaassalaaamu... alaaaykum...*

"Nani huyo?" Ifrah akanong'ona, macho yametoka.

"Huyo ndiye niliyeposwa naye," Kaltuma akasema chini chini. "Bado namngoja."

Nikafungua mdomo kujitetea. Kabla sijasema, kutoka kwenye ile simu mkekani ikatoka sauti ya mbu ndani ya debe:

"Waalaykum salaam warahmatullah, Adeer!"

Mahad! Alikuwa kwenye simu muda wote!

Kaseti ikajitaja jina langu na jina la baba yangu. Ikauliza, polepole, kwa heshima: habari ya mbuzi? Ikanyamaza. Na kwa vile mota inajikokota, hata ule ukimya ulirefuka, mtandao wa Bute ukapata wakati wote wa kufika.

"Wazima, Adeer, alhamdulillahi."

Habari ya mvua?

"Bado, Adeer. Tunaomba dua."

Nilitaka kuizima. Mkono haukwenda. Nimekaa hapo, mtu mzima mwenye mvi, namsikiliza kijana wa watu akiniitikia mimi wa miaka ya tisini, kila swali kwa adabu, kila nafasi bila kuipita. Hajui. Na yule Dahir wa kaseti alikuwa na subira ambayo mimi sikumpa kijana huyu hata kwa dakika moja. Macho yakaanza kuniwasha. Nikasingizia vumbi.

Kisha kaseti ikasema: *Nyumba yetu... ni yenu... Njooni... hata Ijumaa hii.*

Tak! Kaltuma akaizima. Hapo hapo, pumzi moja kabla ya salamu za Ayeeyo, ambazo zingeharibu kila kitu. Miaka yote hii ameisikiliza, anajua kila pumzi ilipo. Wala hakunitazama. Alikuwa akimtazama binti yake, na Ifrah alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika.

"Adeer," simu ikasema, na ndani ya debe lile mbu alikuwa anatetemeka kwa furaha, "Mungu akuzidishie. Nitakuja Ijumaa na wazee wangu. Nilikuwa nimeambiwa wewe ni mkali. Kumbe sauti yako tu inampa mtu utulivu!"

Wote wawili wakanigeukia. Mtu akishakaribisha amekaribisha, hata kama alikaribisha miaka ishirini na kitu iliyopita. Nikatikisa kichwa kukubali. Sikuthubutu kujibu kwa mdomo. Ifrah akanishika mkono, mara ya kwanza baada ya wiki mbili, akamwambia Mahad kwamba Aabo ameenda kuswali.

Kwa hiyo Ijumaa wageni wanakuja kumsikia yule wa kaseti. Kama kuna mtu ana betri sita zilizochoka vizuri, anitumie kabla ya Alhamisi. Na asicheke.